Aitikaye Kwanza: Tarikh ya Njia ya Amri

Mtu aketiye mbele ya kompyuta, akaandika neno moja, mathalan python3, kisha akabonyeza kitufe cha kuingiza, hudhani kwamba amemwita mtumishi mmoja anayemjua, na kwamba mtumishi huyo, maadamu alisakinishwa jana kwa muda na kwa gharama ya intaneti, ataitika yeye na si mwingine. Aghalabu ndivyo iwavyo. Lakini huja siku ambapo aitikaye ni mwingine: toleo kongwe ambalo mwenye kompyuta hakumbuki kulileta, au toleo lililokuja na mashine tangu kiwandani, au jingine lililoletwa na msimamizi wa vifurushi wa pili, aliyekaribishwa mwaka juzi kwa haja moja ndogo na kisha kusahauliwa. Jina ni lile lile na sauti ni ile ile, ila maktaba zilizowekwa jana hazionekani, na programu iliyokuwa ikienda vyema husimama ikalalamika kwamba haikipati kitu ambacho mwenyewe anakiona kwa macho yake ndani ya diski. Nimewaona watu wenye elimu wakiyatibu maradhi haya kwa kufuta kila kitu na kuanza upya, na nimehuzunika, kwa sababu waliyoyafuta hayakuwa na kosa, na mgongano wenyewe ukarejea kabla ya mwezi kwisha.

Dai langu katika insha hii ni kwamba mgongano wa njia si ajali, wala si ubovu wa mashine, ni mirathi. Kila saraka iliyomo katika orodha ya kutafutia amri iliwekwa na watu waliokuwa na dhiki yao katika mwaka wao, wakaitatua dhiki hiyo kwa insafu, kisha wakaondoka na kutuachia nyumba waliyoijenga. Mwenye kuijua tarikh ya nyumba hizo huutambua mgongano kwa kutazama mistari mitatu au minne katika kioo. Asiyeijua hupapasa gizani.

Asili ya jambo iko Murray Hill, katika jimbo la New Jersey huko Marekani, ambako mwaka 1969, katika maabara za Bell, Ken Thompson alianza kuujenga mfumo endeshi uliokuja kuitwa Unix, akiwa pamoja na Dennis Ritchie na wenzao wachache. Mashine yao ya kwanza ilikuwa PDP-7, yenye uwezo mdogo hata kwa kipimo cha zama zile. Ya pili, PDP-11, ilifika mwaka 1970. Katika mfumo huo amri haikuwa kiungo cha mfumo wenyewe, bali ilikuwa faili tu, sawa na mafaili mengine, likikaa mahali fulani katika diski. Na programu moja ndogo waliyoiita ganda, kwa kuwa huuzunguka mfumo kama ganda lizungukavyo kokwa, ilipewa kazi ya kulipokea neno aliloliandika mtu, kulitafuta faili lenye jina hilo, na kuliendesha. Uamuzi huo ulikuwa na hikima kubwa, kwani ulimpa kila mtu uwezo wa kuongeza amri yake bila ya kuomba idhini. Walakini ulizaa swali ambalo sharti lijibiwe kila mara amri inapoandikwa: maadamu mtu ametaja jina tu na hakutaja mahali, ganda likatafute wapi?

Jibu la kwanza lilikuwa fupi. Katika maelezo ya mfumo ambayo Ritchie na Thompson waliyachapisha mwaka 1974, ganda lilitafuta kwanza papo hapo mtu alipo, yaani katika saraka anayofanyia kazi. Likikosa, lilitanguliza /bin/ mbele ya jina na kujaribu tena. Mahali pawili, basi.

Lakini diski hujaa. Diski za RK zilizotumiwa na PDP-11 zilichukua takriban megabaiti 2.5, kiasi kisichotosha leo kuhifadhi picha moja nzuri iliyopigwa kwa simu. Mfumo ulipokua hata usienee katika diski ya kwanza, baadhi ya amri zilihamishiwa diski ya pili, iliyounganishwa chini ya jina /usr, na ambayo kazi yake ya asili ilikuwa ni kuhifadhi nyumba za watumiaji. Ndiyo maana ya herufi hizo tatu. Ikazaliwa /usr/bin katikati ya mtaa wa makazi, kama karakana iliyofunguliwa uani kwa jirani kwa sababu ile ya kwanza imejaa, na ganda likafundishwa mahali pa tatu pa kutafuta. Wahamishaji wale hawakuwa wakitunga kanuni kwa ajili ya vizazi. Walikuwa wakitafuta nafasi. Hata hivyo mgawanyo wa /bin na /usr/bin ulidumu muda mrefu baada ya diski kuwa kubwa mara elfu, ukatafutiwa sababu mpya za kuuhalalisha, na ni mwaka 2012, katika toleo la 17 la Fedora, ambapo jamii mojawapo kubwa ya Linux ilithubutu kuziunganisha nyumba hizo mbili na kuifanya /bin kiungo tu chenye kuelekeza /usr/bin. Miaka arubaini ilipita kwa ajili ya diski iliyojaa.

Mpangilio wa kutafuta uliandikwa kwanza ndani ya ganda lenyewe, na mtumiaji hakuwa na kauli juu yake. Katika miaka ya 1970 John Mashey, aliyelitengeneza ganda la tawi la Unix lililoitwa PWB, alimpa mtumiaji kigeu cha kuutaja mpangilio anaoutaka. Na Stephen Bourne alipoandika ganda jipya lililotoka pamoja na toleo la 7 la Unix mwaka 1979, kigeu hicho kilichukua jina kinalolichukua mpaka leo, PATH, yaani njia. Ni orodha ya saraka zilizotenganishwa kwa nukta pacha, na ganda huipitia kutoka kushoto kwenda kulia, likasimama pale linapokuta jina la kwanza lililo sawa na lile lililoitwa. Halitazami mbele zaidi. Halilinganishi matoleo, haliulizi lipi jipya na lipi kongwe, wala halijali ni nani aliyelileta. Aliye karibu na mlango ndiye aitikaye.

Ningependa msomaji akae kidogo na kanuni hiyo, kwa kuwa yote yafuatayo yatoka humo. Mtu akisimama kichochoroni akaita Juma, na Juma wawili wakaishi katika nyumba mbili za kichochoro hicho, atakayetoka ni yule ambaye nyumba yake imetangulia. Na mwitaji, kama hakumtazama uso, atampa kazi ya mwenzake.

Hatari ya kanuni hiyo ilidhihiri mapema, tena kwa upande wa usalama kabla ya upande wa vifurushi. Katika ganda la Bourne njia ya asili ilianza na saraka ile mtu aliyomo, ikafuatiwa na /bin na /usr/bin. Maana yake ni kwamba mwenye nia mbaya aliweza kuweka katika saraka ya hadhara faili lake alilolipa jina la ls, ambayo ni amri ya kuorodhesha mafaili, kisha akangoja. Msimamizi wa mfumo mwenye mamlaka yote akiingia katika saraka hiyo na kutaka kuona kilichomo, aliendesha kwa mkono wake mwenyewe kile alichotegeshewa. Ndipo wasimamizi wakaanza kuihamisha saraka hiyo mwisho wa orodha, na hatimaye kuiondoa kabisa. Na ndiyo sababu hadi leo, mtu akitaka kuendesha faili lililo papo hapo alipo, hana budi kulitangulizia nukta na mkwaju. Wanafunzi hulalamikia nukta hiyo kwa sababu hawakuambiwa kwamba ni kovu la jeraha.

Baada ya hapo yakaja madhehebu. Unix ilipopelekwa vyuoni, Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley kiliiongezea amri nyingi, na amri hizo zikajengewa nyumba yao, /usr/ucb, herufi za mwisho zikiwa ni za jina la chuo hicho. Kampuni ya AT&T nayo iliendelea na tawi lake, System V, na hivyo amri zenye jina moja zikawa na tabia mbili. Hitilafu hii ilionekana wazi kuliko kokote katika mashine za Sun Microsystems, ambazo mwanzo zilifuata mkondo wa Berkeley na ambazo mwaka 1992, kwa kutoka Solaris 2, zilihamia mkondo wa System V, ila wateja wa zamani wakahifadhiwa wasipoteze walichokizoea. Ndani ya mashine moja zikakaa /usr/bin yenye desturi za System V, /usr/ucb yenye desturi za Berkeley, /usr/xpg4/bin kwa ajili ya kanuni za X/Open, na /usr/ccs/bin yenye zana za kuundia programu. Aliyetaka kuona kazi zinazoendelea katika mashine aliandika ps -ef kama njia yake ilitanguliza nyumba ya System V, na ps aux kama ilitanguliza ya Berkeley. Na hati ya amri iliyoandikwa na mtu wa dhehebu moja ilivunjika mikononi mwa mtu wa dhehebu jingine, ingawa wote wawili walikaa mbele ya mashine ile ile, mfumo ule ule, siku ile ile. Kwa maoni yangu hakuna fundisho bora la jambo hili kuliko mashine hizo, kwa sababu hapakuwapo mwenye makosa: kila amri ilikuwa nzima, kila nyumba ilikuwa halali, na nizaa nzima ilikuwa ni juu ya nani atangulie.

Wakati huo huo /usr/local ilikuwa imekwisha kuzoeleka. Jina lake lasema muradi wake: ni mahali pa vitu vya hapa petu, alivyoviongeza msimamizi wa mashine mwenyewe, ambavyo mtengenezaji wa mfumo hakuvileta na hana haki ya kuvigusa anapoleta toleo jipya. Ilikuwa milki ya mwenye nyumba ndani ya jengo la kampuni. Mradi wa GNU ulipoanza kusambaza programu zake, na hasa baada ya David MacKenzie kuanza kutunga Autoconf mwaka 1991, maelfu ya programu zilizokuja zikiwa chanzo tupu zilijisakinisha humo pasipo kuulizwa, kwa amri tatu ambazo wenye umri wangu wazijua kwa moyo: configure, make, make install. Tatizo ni kwamba amri ya tatu ilitawanya mafaili katika saraka nyingi na haikuweka daftari. Mtu akitaka kuiondoa programu baada ya mwaka, hapakuwa na shahidi wa kumwambia ni faili lipi lilikuwa la nani. Mwaka 1993 Bob Glickstein alitoa Stow, iliyoiweka kila programu katika saraka yake peke yake na kuchomoza viungo tu kwenye /usr/local/bin, wazo ambalo msomaji atalikuta tena mbele.

Daftari lililokosekana ndilo lililoleta wasimamizi wa vifurushi. Ian Murdock alitangaza mradi wa Debian Agosti 1993, na katika mwaka uliofuata dpkg, chini ya mkono wa Ian Jackson, ikashika sura iliyodumu. Red Hat wakatoa RPM mwaka 1995. Msimamizi wa vifurushi ni karani: huandika kila faili aliloliweka, humkataza mgeni kuweka faili juu ya faili la mwenziwe, na siku ya kuondoka hukusanya kila kilicho chake. Ndani ya himaya yake mgongano huwa nadra mno. Lakini karani hujua tu yaliyomo katika daftari lake, na nje ya himaya hiyo haoni kitu. Watu wa Debian walilitambua jambo hili mapema, na katika kanuni zao waliharimisha vifurushi vyao kuweka mafaili ndani ya /usr/local, ili pabaki mahali ambapo mwenye mashine ana neno la mwisho. Na kanuni ya pamoja ya mpangilio wa saraka za Linux, iliyotangazwa kwa mara ya kwanza Februari 14, 1994 chini ya uongozi wa Daniel Quinlan, ikaithibitisha staha hiyo. Mfumo uishi /usr, mwenyeji aishi /usr/local, na vifurushi vikubwa vya kampuni za nje vipewe /opt, saraka iliyokuja na System V toleo la 4. Ilikuwa suluhu njema, na katika seva nyingi ingali ikisimama.

Iliyoivuruga ni kuja kwa makarani wengi. Watu wa lugha ya Perl walianzisha hazina yao, CPAN, mwaka 1995. Watu wa Python, wa Ruby na wa Node wakafuata kila mmoja na yake, na kila lugha ikawa na msimamizi wake wa vifurushi asiyejua habari za msimamizi wa mfumo. Makarani wawili wenye madaftari mawili wakawa wanaandika juu ya ardhi moja. Python ndiyo iliyoumia zaidi, kwa sababu mifumo mingi ya Linux huitumia yenyewe kwa kazi zake za ndani. Hivyo mtu aliyeisasisha maktaba moja kwa pip, karani wa Python, tena kwa mamlaka ya msimamizi, aliweza kukata tawi alilolikalia. Debian wakajaribu kutenganisha: Python ya mfumo ikawekewa maktaba zake katika saraka iitwayo dist-packages, ili Python aliyoijenga mtu mwenyewe katika /usr/local, yenye kutumia site-packages, isikanyagane nayo. Ian Bicking alitoa virtualenv mwaka 2007, akiipa kila kazi nyumba yake ndogo ya pekee yenye njia yake. Wazo hilo likaingizwa ndani ya Python yenyewe katika toleo la 3.3 mwaka 2012. Na kwa kuwa nasaha hazikutosha, ukaja mwafaka uitwao PEP 668, unaoiruhusu Linux kuweka alama ya kusema kwamba mazingira haya yana mwenyewe. Katika Debian 12, iliyotoka Juni 2023, pip ikikuta alama hiyo hukataa kusakinisha chochote katika mazingira ya mfumo, na kumwelekeza mtu akajenge nyumba yake. Wapo waliokasirika. Mimi naona kwamba karani wa pili hatimaye amefundishwa kubisha hodi.

Kisa cha Mac chastahili wasaa zaidi, maana huko migongano ilitokea mikononi mwa watu wasiokuwa wasimamizi wa mifumo, bali waandishi, wanafunzi na wachoraji waliofungua terminali kwa haja ya jioni moja. Mac OS X ilipotoka Machi 2001 ilikuwa Unix kamili chini ya sura yake nzuri, ila haikuja na msimamizi wa vifurushi kwa ajili ya zana za Unix. Wa kwanza kuijaza nafasi hiyo walikuwa watu wa Fink, mradi ulioanzishwa na Christoph Pfisterer mwishoni mwa mwaka 2000, uliochukua dpkg na APT za Debian na kuzileta Mac. Wakaichagua saraka mpya kabisa, /sw, mbali na kila mtu, kwa hadhari iliyo wazi: wanaosakinisha kwa mikono hutumia /usr/local, basi sisi tusikae humo. Mwaka 2002 ukafuata DarwinPorts, miongoni mwa waasisi wake akiwa Jordan Hubbard, ambaye mwaka 1994 aliianzisha hazina ya ports ya FreeBSD na ambaye sasa alikuwa mtumishi wa Apple. Mradi huo ukaitwa MacPorts mwaka 2006 na ukakaa /opt/local, kwa hoja ile ile na kwa nyingine iliyo nzito zaidi: programu za kukusanyia chanzo huitazama /usr/local zenyewe, hata zisipoambiwa, kwa hiyo maktaba ya mtu mwingine iliyoachwa humo yaweza kupenya kimya kimya ndani ya kifurushi kinachojengwa leo na kukiharibu.

Kisha mwaka 2009 Max Howell akaja na Homebrew, akachagua kinyume. Aliiweka /usr/local. Hoja yake nayo ilikuwa na nguvu: kwa kuwa programu za kukusanyia chanzo zaitazama saraka hiyo zenyewe, na kwa kuwa imo katika njia ya kila mtu, basi vitu vitakwenda bila ya kuelekezwa. Kila kifurushi kilipewa saraka yake ndani ya nyumba iitwayo Cellar, jina lililotwaliwa katika ufundi wa kutengeneza bia nyumbani, na viungo tu vikachomozwa /usr/local/bin. Msomaji ameikumbuka Stow. Zaidi ya hayo milki ya saraka ilihamishiwa kwa mtumiaji wa kawaida, ili asihitaji mamlaka ya msimamizi kwa kila usakinishaji. Jambo lile lile ambalo MacPorts waliliogopa, Homebrew waliligeuza kuwa fadhila, na wote wawili walisema kweli. Homebrew ikapendwa mno, na hapo ndipo ikawa kawaida kuikuta Mac moja yenye mabaki ya Fink, MacPorts isiyofunguliwa miaka miwili, Homebrew itumikayo kila siku, na Python ya mfumo chini yao wote, kila mmoja akiwa ameacha mstari wake katika faili la mipangilio ya ganda, na kila mstari ukitaka kutangulia.

Apple nao hawakukaa bure. Tangu mwaka 2007 mfumo wao una programu ndogo iitwayo path_helper, isomayo faili /etc/paths na saraka /etc/paths.d na kujenga njia upya kila ganda la kuingilia linapofunguliwa. Saraka za mfumo huziweka mbele, na zile alizozitaja mtumiaji mapema huzisukuma nyuma. Watu wasiohesabika wameandika mpangilio wao sawasawa katika .zshenv, mojawapo ya mafaili ya mipangilio ya ganda la zsh, wakauona umepinduka, na kudhani wamekosea tahajia, ilhali mstari wao ulisomwa kabla ya path_helper kupita. Dawa ni kuuhamishia .zprofile au .zshrc, zinazosomwa baadaye. Mwaka 2015 mfumo uliitia kufuli /usr yote isipokuwa /usr/local. Mwaka 2019 mzizi wa diski nao ukafungwa usiandikwe, na Fink wakalazimika kuhama kutoka /sw kwenda /opt/sw. Mzizi huo huo ulikuwa makao ya Nix, kazi ya Eelco Dolstra wa Utrecht aliyeitolea tasnifu ya udaktari mwaka 2006, ambayo hukipa kila kifurushi saraka chini ya /nix/store yenye alama ya herufi 32 zinazotokana na vyote vilivyotumika kukijenga, hata matoleo mia ya kitu kimoja yakakaa pamoja bila ya kugusana. Katika Mac sharti sasa Nix itengewe sehemu yake ya diski.

Kabla sijafika mwaka 2020, niseme neno juu ya mashahidi, kwa sababu wengi hupotezwa na shahidi wakadhani wamepotezwa na njia. Amri ya which, watu wanayoikimbilia kwanza, ilizaliwa Berkeley ikiwa hati ya ganda la C, na ilisoma mipangilio ya ganda hilo. Mwenye kutumia ganda jingine aliweza kupewa ushahidi wa njia isiyo yake. Shahidi wa kuaminika ni ganda lenyewe, nalo huulizwa kwa type -a na jina la amri: hutaja wote wenye jina hilo, kwa utaratibu wa kuitika kwao, pamoja na lakabu na kazi zilizofichika ambazo si mafaili. Tena maganda hukumbuka. Ili lisiipitie orodha nzima kila mara, ganda huweka akilini mahali lilipoikuta amri mara ya mwisho, na laweza kuendelea kwenda mahali hapo ingawa mtu amekwisha kusakinisha nyingine mbele yake. Amri ya hash -r hulisahaulisha. Mara ngapi mtu amefanya kila jambo sawa, akakuta hakuna kilichobadilika, akavunja alichokitengeneza, ilhali alihitaji kufungua dirisha jipya tu!

Novemba 2020 Apple walianza kuuza kompyuta zenye chipu zao wenyewe, na vifurushi vilivyojengwa kwa chipu za Intel vikawa vyahitaji mkalimani, aitwaye Rosetta 2. Homebrew, katika toleo la 3.0.0 la Februari 2021, ikaamua kwamba kwa mashine mpya makao yake rasmi yawe /opt/homebrew, na /usr/local ibaki kwa zile za Intel, ili jamii mbili za vifurushi ziweze kukaa katika diski moja bila ya kuchanganyika. Baada ya miaka kumi na mmoja Homebrew ilihama, kwa hiari yake, kutoka katika nyumba iliyoipa umaarufu, ikaenda jirani na MacPorts.

Basi mtu akinunua kompyuta ya namna hiyo na kuhamishia humo kila kitu cha kompyuta yake ya zamani, huhama pamoja na Homebrew ya zamani, ikiwa hai, ikitafsiriwa, na mstari wake katika mipangilio ukiendelea kutangulia. Atasakinisha Python mpya, atajenga maktaba kwa chipu mpya, na itakayoitika itakuwa ni ya Intel, nayo itasema kwamba maktaba imekutwa lakini umbo lake si la Intel. Hapana haja ya kufuta kitu usiku huo. Ataandika type -a python3 asome mistari, ataandika echo $PATH aone aliyetangulia, ataifungua .zprofile autafute mstari wa zamani, auondoe au aushushe chini ya mpya. Atafungua dirisha jipya na kuuliza tena. Majibu yatakuwa matatu, na utaratibu wake utakuwa huu: /opt/homebrew/bin/python3, nyumba ya mwaka 2021 iliyojengwa kwa ajili ya chipu, /usr/local/bin/python3, milki ya mwenyeji tangu zama za kukusanya chanzo kwa mkono, na /usr/bin/python3, uani kwa jirani kule New Jersey, mahali amri zilipohamia kwa sababu diski ya kwanza ilikuwa imejaa.